Vile unaweza kutoa hidrojeni mu algi ukiwa Goma, hata kama zile zenye kubadilishwa jeni hazijakufikia

Bandugu, niwatajie bei ya mwisho mbele ya yote, sawa bamama ba soko bazuri banafanya, juu sipendi mutu afike chini njo aanze kulalamika. Lita moya ya mayi, uichemshe hapa Goma (kwetu inachemka ku digri 95 hivi, haingojei 100, juu ziwa Kivu yenyewe iko ku mita 1,460), inaomba hidrojeni kama lita 60 ukihesabu na moto wenye kupotea pembeni ya sufuria. Na moya ya algi (ile mimea midogo ya kijani ya mu mayi) zenye kusifiwa sana, yenye ilibadilishwa jeni, inatoa karibu mililita 540 kwa kila lita ya mayi yake mu siku 10 mpaka 14. Piga hesabu: bidon sita za lita 20, wiki mbili, birika moya ya chai. Kama ulikuya juu makala imepanda na unataka kuachana na mbabula mwezi huu, usiuze mbabula. Lakini kama unataka kuona na macho yako mayi ya kijani ikitoa gesi yenye kuwaka bila moshi, na ikiisha kuwaka inarudia kuwa mayi, basi vuta kiti.

Siye tulikuwa banne, chumba cha nyuma ya duka, meza moya, pano moya ya jua na batri yake. Tulishindwa mara tatu. Ya ine njo ilitoa. Nitawapa na zile tatu juu zinafundisha kuliko ile moya.

Algi gani, na mbona itoe hidrojeni

Inaitwa Chlamydomonas reinhardtii, siye tunaiita Klami tu. Ni seli moya, upana wake kama mikrometa 10, iko na mikia mbili ya kuogelea na inapenda kufuata mwanga. Mambo ya algi kutoa hidrojeni haiko ya jana: Hans Gaffron na mwenzake Rubin, huko Chicago, waliandika juu yake mu 1942, bo walitumia algi ingine inaitwa Scenedesmus.

Ndani ya Klami kuko enzimu (protini yenye kufanya kazi), inaitwa hidrojenazi. Kazi yake ni kuchukua elektroni na protoni (vipande vidogo vya atomi) izishone zitoke hidrojeni. Mwanga unapasua mayi, elektroni zinapita mu mashine ya fotosintezi (ile ya kugeuza mwanga kuwa chakula) mpaka ku protini moya inaitwa feredoksini, na huyo feredoksini njo mwenye kugawa: nyingi anazituma zikatengeneze sukari, kidogo zinaweza kufika ku hidrojenazi. Sasa ona mutego. Kupasua mayi kunatoa oksijeni, na oksijeni inaua hidrojenazi. Jikoni moya, mupishi moya, chakula na sumu vinatoka mu sufuria moya. Hii shida uishike vizuri mu kichwa, juu kila kitu nitakuambia hapa chini, kuanzia kizibo mpaka jeni, ni namna ya kuachanisha hizo mbili tu.

Mu 2000 Anastasios Melis wa Berkeley na wenzake ba Colorado walipata njia bila kugusa jeni hata moya: unaifunga Klami njaa ya salfa, yaani kibiriti, ile ile yenye unasikia harufu yake mulima ukikasirika. Mu mashine ya kupasua mayi kuko protini inaitwa D1, mwanga unaiharibu kila saa na seli inaitengeneza upya kila saa, na bila salfa haiwezi kuitengeneza. Basi mu siku moya hivi ile mashine inashuka mpaka chini ya asilimia 10, oksijeni inatoka kidogo sana, na hiyo kidogo seli yenyewe inaivuta kwa kupumua. Chupa ikiwa imefungwa vizuri, oksijeni inaisha, hidrojenazi inaamuka. Unapata siku 3 ao 4 za gesi, kama mililita 2 kwa lita kwa saa, kisha algi inachoka.

Mayi, bandugu, mayi

Hapa njo tulikufa mara mbili. Ile protokole iliandikwa na batu wenye kufungua robine ya laboratware mayi safi inatoka. Wewe uko Goma, unakaa chini ya volkano Nyiragongo.

Mayi ya Kivu usiiguse kwa hii kazi. Ni ya kuoga, ni ya sambaza, lakini iko na chumvi zake mingi, salfeti ndani (chumvi yenye salfa), na pH yake (kipimo cha asidi) inacheza karibu na 9. Robine pia hapana, juu ya klori. Basi siye, na akili yetu yote, tukasema tutakinga ya mvua, mvua si inatoka juu, ni safi. Tukakinga ku mabati, tukachuja, tukachemsha. Klami ikaota vizuri sana, kijani ya kupendeza, tukaifunga njaa, siku tano, sita, hata povu moya. Ilikuwa inakula! Moshi ya volkano inabeba gesi ya salfa, mvua inaipitia inashuka nayo, unadhani unafungisha algi kumbe kila siku uko unaipikia.

Mara ya pili mwenzetu akatumwa Birere alete mayi ya batri, ile ya kuongeza mu batri ya gari, juu ile ni mayi ya mvuke haina kitu ndani. Akaleta bidon ndogo, rangi ile ile, kibandiko kimetoka. Ilikuwa asidi ya batri. Asidi ya batri ni asidi ya salfa yenyewe, na tuliijua wakati karatasi ya pH ilikuwa nyekundu sawa pilipili na meza ikaanza kutoa alama. Hakuna mwenye aliungua, Mungu ni mkubwa. Pima mayi yoyote ya dukani na karatasi ya pH mbele ya kuiweka fasi yoyote, na miwani ku macho.

Tuliishia kuitengeneza sisi wenyewe. Sufuria kubwa, mayi nusu, jiwe mu kati, bakuli ya kioo juu ya jiwe, kifuniko unakipindua kishikio kiangalie chini, juu ya kifuniko unaweka mayi ya baridi. Mvuke unapanda, unapiga kifuniko, unadondoka ku kishikio mu bakuli. Matone ya kwanza unatupa. Kwa lita mbili tulikaa ku moto asubuhi mpaka jioni, mama mwenye nyumba akauliza kama tunapika lotoko, ile pombe kali. Ni haki yake kuuliza, kwa macho inafanana kabisa.

Chakula yake

Kuko mchanganyiko unaitwa TAP (Trisi, asetati, fosfati). Kwa lita moya: Trisi gramu 2.42, amonyumu kloridi gramu 0.4, magnezyumu salfeti gramu 0.1, kalsyumu kloridi gramu 0.05, fosfati mbili za potasyumu (ile ya K mbili gramu 0.108, ya K moya gramu 0.056), madini ndogondogo mililita 1, na asidi asetiki kali mililita 1, kisha unasawazisha pH ku 7. Hiyo njo ya kuoteshea. Asidi asetiki ni ile ile ya siki, lakini siki ya duka hapana, zingine zinawekwa salfiti zisiharibike, na wewe sasa umeshaogopa salfa kuliko malaria. Kazi ya asetati ni kuipa Klami kitu cha kupumulia, na kupumua njo kunakula oksijeni.

TAP ya pili ni ya njaa. Magnezyumu salfeti unaitoa, unaweka magnezyumu kloridi. Watu wengi wanasimama hapo. Yale madini ndogondogo nayo, zinki, shaba, chuma, kwa kawaida yanauzwa kama salfeti! Lazima uyapate yote mu kloridi. Siye tuliagiza kutoka Kampala, ikachelewa wiki tatu, lakini bila hiyo ni kupoteza muda.

Unachemsha yote mu sufuria ya presha. Vitabu vinasema dakika 15 ku digri 121, lakini hapa hewa yetu ni nyepesi, sufuria ile ile haifiki hiyo digri, kwa hiyo acha dakika 30 ao 40. Asetati ni sukari ya bakteria, ukizarau hapa siku ya pili unapata supu nyeupe yenye kunuka.

Kuotesha

Klami ya kawaida, yenye haijaguswa jeni, inapatikana ku benki ya algi ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaituma kwa laboratware mu kipande cha agari. Pitia ku mwalimu wako ku iniversite, peke yako ni shida. Na kijani ya mu bidon yako ya nyuma ya nyumba haiko lazima Klami, inaweza kuwa kitu ingine kabisa, zingine ni sianobakteria zenye kutoa sumu.

Ampule nyeupe za LED, zisiwe kali, joto digri 25 hivi. Usiku Goma kunakuwa baridi, siye tulikuwa tunaweka chupa mu sanduku ya karto na ampule ndani, sawa bifaranga. Jua ya saa sita hapana, chupa inakuwa sufuria. Kuran (umeme) ikienda, batri inashika. Unaitikisatikisa, ao unafanya sawa siye: feni ya kompyuta mbovu, sumaku mbili juu ya feni, sumaku ndogo yenye kufunikwa plastiki mu chupa, inazunguka polepole.

Siku 3 ao 4 iko tayari. Kipimo chetu hakikuwa cha laboratware: unaweka ukurasa wenye maandishi nyuma ya chupa. Herufi ukizisoma bado, ngoja. Zikipotea kabisa, kijani ikawa nzito sawa sombe, ni wakati.

Kufunga njaa

Wenye mashine ya kuzungusha (santrifuji) wanashusha seli chini, wanamwaga mayi, wanaosha na TAP ya njaa mara tatu ao zaidi. Sisi hatuna. Njia ya maskini nayo inafanya: chukua sehemu moya ya mayi ya kijani, ongeza sehemu tisa za TAP ya njaa. Salfa yenye ilibakia ni kidogo, Klami inaota bado siku chache, inaimaliza yenyewe, kisha njaa inaingia bila kubisha. Inachelewesha kazi lakini hauguse seli sana, na mimi naipenda kuliko ile ya kuosha.

Chupa: zile za kioo za serum ya hospitali, za mililita 500, na kizibo chake cha mpira. Omba ku farmasi. Jaza mpaka juu kabisa, hewa isibakie, juu hewa ni oksijeni. Choma kizibo na sindano, unganisha tiyo, mwisho wa tiyo uingie mu serengi ya mililita 60 yenye umejaza mayi na kuipindua mu beseni. Gesi ikikuya inasukuma mayi, unasoma ku alama za serengi.

Na hii njo ilikuwa kushindwa kwetu kwa tatu: tulitumia tiyo ya silikoni, laini, nzuri, ya bei. Hidrojeni ni ndogo sana, inapenya silikoni sawa mayi mu kitunga. Gesi ilikuwa inatoka, ninaamini kabisa ilikuwa inatoka, lakini serengi ilikuwa haioni. Tumia tiyo ngumu na fupi, paka gundi ku kizibo, na puto ao sashe usijaribu kuhifadhia.

Ile mara ya ine

Siku ya kwanza povu zinakuya, na utapiga kelele. Usipige, ile ni oksijeni, Klami bado inapasua mayi. Toa yote nje. Kisha povu zinakata na serengi hata inarudi nyuma kidogo, juu seli zinavuta oksijeni yenye ilibakia. Mutu mwenye hajui anafikiri chupa imetoboka. Ngoja. Kwetu ilikuwa saa tisa ya usiku, mwenzetu mwenye zamu akatuma sauti ku WhatsApp, tunasikia tu anasema “inapanda, inapanda”. Povu ndogo sana, sawa zile za ndani ya chupa ya soda, zinashika ku kioo mpaka upige na kidole. Kufika siku ya ine tulikuwa na mililita 40 kasoro kidogo. Nusu kikombe cha kahawa.

Kuijaribu: serengi inajaza tiyo ndogo ya kioo ya mililita 10, mudomo unaangalia chini, unaleta kiberiti karibu na mudomo. Pwa! Sauti fupi, na ukungu kidogo ndani ya kioo. Ile ukungu ni mayi. Mwenzetu mmoja aliifuta na kidole akailamba, siye wengine tukamwangalia tu.

Batu ba Goma tunajua mazuku, ile gesi yenye kulala mu mashimo na kuua mbuzi na watoto bila kuonekana. Hidrojeni ni kinyume chake, haishuki, inapanda, inajikusanya chini ya dari. Inawaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 mu hewa, na moto wake mchana karibu hauonekani. Mililita 40 ni mchezo, lakini siku ukifanya bidon kumi mu chumba chenye madirisha yamefungwa na mbabula inawaka pembeni, hiyo haiko mchezo tena. Fungua fasi ya juu, si ya chini tu, na mwenye sigara abakie ku barabara.

Sasa, jeni

Njaa ya salfa inafanya kazi lakini unaua kiwanda ili upate bidhaa. Kubadilisha jeni ni kutafuta algi yenye kutoa bila kufa.

Ya kwanza, kugombania mwanga. Klami ya kawaida iko na antena kubwa za klorofili, ile rangi ya kijani yenye kukamata mwanga. Zile za juu mu chupa zinanyakua mwanga wote, zinashindwa kuutumia, zinautupa kama joto, na za chini zinakaa giza. Ni sawa foleni ya robine yetu: wa mbele anajaza bidon kumi, mayi inamwagika chini, wa nyuma analala na kiu. Kikundi cha Melis kilipata algi za antena fupi, moya inaitwa tla1, kila mutu anapata bidon yake.

Ya pili, elektroni zenye kuzunguka. Mu fotosintezi kuko njia ya elektroni kurudi nyuma na kuzunguka bila kufika popote, sawa pikipiki yenye kuzunguka rompwe ya Chukudu (ile duara ya barabara) bila kushusha abiria. Mu 2005 kikundi cha Olaf Kruse, Bielefeld Ujerumani, pamoja na wenzake ba Queensland Australia, walionyesha algi yenye jina Stm6 yenye ile njia imezibwa. Inaweka wanga mingi, inapumua kwa nguvu, oksijeni ndani yake iko chini, na hidrojeni ilikuwa mara 5 mpaka 13 ya ile ya kawaida. Ile mililita 540 ya mwanzo ni yake.

Ya tatu ni kumvuta feredoksini asiwe na uchaguzi: wengine waliunga jeni yake na ya hidrojenazi zikawa protini moya, elektroni ikifika imefika. Na kuko wenye kutafuta hidrojenazi yenye kuvumilia oksijeni, hiyo njo ndoto kubwa, na mpaka leo inawashinda.

Vile wanafanya kwa mikono: seli zenye hazina ukuta wanazichanganya na chembe za kioo na DNA, wanatikisa sekunde chache, kioo kinatoboa, DNA inaingia. Inaingia fasi yoyote, bahati nasibu, kwa hiyo wanaweka pamoja jeni ya kuvumilia dawa ya paromomisini, wanamwagia dawa, zenye kubakia njo zimepokea. Kisha kuchagua kati ya maelfu: kuko karatasi yenye kupakwa oksidi ya tungsteni, unailaza juu ya sahani yenye algi, koloni (kikundi cha seli) yenye kutoa hidrojeni inaacha doa ya bluu. Mimi hii ya doa ya bluu njo nimeipenda kuliko yote, ukinipa laboratware kesho naanzia hapo.

Lakini usijaribu kuvusha hizi algi mu begi ku mupaka. Congo iko mu Itifaki ya Cartagena, kiumbe hai chenye kubadilishwa jeni kinaomba ruhusa. Na kuko njia ingine bila jeni na bila njaa: mu 2018 batu ba Turku, Finland, walionyesha kama ukiwasha taa sekunde 1 na kuzima sekunde 9, mara mingi mingi, bila oksijeni, Klami haipati muda wa kuanza kutengeneza sukari, elektroni zinaenda ku hidrojeni. Siye tumeshapata mutu wa kutengeneza taimeri. Hapa kwetu kuran inajizima yenyewe bila kuombwa, lakini haijui kuhesabu mpaka tisa.

Mutu atauliza: na pano ya jua? Kweli, pano ya leo inageuza mwanga kuwa umeme kama asilimia 20, ukipasua mayi na ule umeme unaishinda Klami mbali sana. Pano hauwezi kuigawa mu chupa mbili ikawa pano mbili, lakini.

Ukimaliza

Klami ya kawaida yenye imechoka usiitupe yote. Rudishia salfa kidogo, iweke mu mwanga, baada ya siku chache kijani inarudi na unaweza kuifunga tena. Siye chupa yetu imeshapita mizunguko mitatu. Yenye kubadilishwa jeni, na yenye imeingiwa bakteria, unaua kwanza: javeli (mayi ya klori) ndani, ngoja nusu saa, hata kijani ipotee, njo unamwaga ku choo, si ku mufereji wenye kushuka ziwani. Na andika ku chupa, kwa kalamu yenye haifutiki, “SI YA KUNYWA”. Ile mama mwenye nyumba alishaikamata moya, ameishaifungua, anatafuta fasi ya kuwekea mafuta ya mawese.